Kumi na nane nukta nne: kipimo cha insulini kabla ya kula

Karatasi ya majibu niliyokabidhiwa dirishani ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulisema sukari ya damu kabla ya kula ni 5.4, wa pili ukasema insulini ni 18.4, na pembeni yake, ndani ya mabano, kilichapwa kiwango cha kawaida: kuanzia 2.6 hadi 24.9. Hapakuwa na nyota, wala wino mwekundu, wala lile neno "juu" ambalo mashine huliweka jibu linapovuka mpaka. Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari hapa Tanga, na kwa mazoea ya kazi nilitazama kama namba yangu imo ndani ya mipaka, nikaona imo, nikaikunja karatasi na kwenda zangu kunywa chai. Siku nne baadaye daktari aliyeniagizia vipimo aliikunjua, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akasema: "Mwalimu, umefaulu. Sasa tuone umefaulu kwa jasho kiasi gani."

Sikwenda kwake kwa sababu ya kuumwa. Mama yangu ana kisukari kwa zaidi ya miaka kumi, kaka yangu mkubwa aligundulika nacho mwaka jana, na mimi kiuno kilikuwa kimefika sentimita 101 bila kuniomba ruhusa. Shingoni kwa nyuma ngozi ilikuwa imekuwa nyeusi na nene, laini kama mahameli ukiigusa, nami kwa miaka miwili nilidhani ni kola za mashati na jasho la pwani, nikawa naisugua kwa dodoki kila nikioga. Daktari hakuniuliza chochote kuhusu dodoki. Aliniomba nigeuke, akatazama shingo, akatazama kwapani, kisha akaandika. Baadaye alinieleza kwamba ngozi ya namna hiyo mara nyingi hutokea pale insulini inapokuwa nyingi katika damu kwa muda mrefu, kwa kuwa homoni hiyo ikizidi huchochea seli za ngozi zikue, na kwamba hakuna dodoki litakaloiondoa.

Nyumbani kwetu neno "insulini" lina maana moja tu, nayo ni sindano. Mtu akisemwa kuwa "ameshafika kwenye insulini", wanaosikiliza huinamisha vichwa, kana kwamba ameshuka kituo cha mwisho. Ndiyo maana nilipomwambia mama kuwa nimepimwa insulini, aliweka kikombe chini akaniuliza, "Umeanza lini kuchoma, mwanangu, na mbona hukusema?" Ilinichukua jioni nzima kumweleza kwamba insulini kabla haijawa dawa ndani ya chupa ilikuwa, na bado ni, kitu kinachotengenezwa na mwili wenyewe, na kwamba mimi sikuchomwa kitu bali nilitolewa damu ili wahesabu ile ninayoitengeneza.

Inatengenezwa kwenye kongosho, katika vifungu vidogo vya seli ambavyo mwanafunzi mmoja wa udaktari wa Kijerumani, Paul Langerhans, aliviona kwa darubini mwaka 1869 vikiwa vimetawanyika kama visiwa, bila kujua vina kazi gani. Jina la insulini limetoka huko huko, kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Mwaka 1921, huko Toronto nchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kuitoa kwenye kongosho za mbwa, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa. Lakini kuitoa na kuichoma ni jambo moja, na kuipima iliyomo ndani ya damu ya mtu ni jambo jingine kabisa, kwa kuwa kiasi chake ni kidogo mno. Hilo lilisubiri karibu miaka 40.

Waliolimaliza ni watu wawili wa hospitali ya maaskari wastaafu huko Bronx, New York: Rosalyn Yalow, ambaye alikuwa mwanafizikia, na Solomon Berson, daktari. Walitumia kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, zinazoshika insulini na insulini nyingine iliyotiwa alama ya mionzi, wakaziacha insulini hizo mbili, ya mgonjwa na ile yenye alama, zigombanie nafasi kwenye kingamwili. Kadiri ya mgonjwa ilivyokuwa nyingi ndivyo yenye alama ilivyosukumwa nje, na kwa kuhesabu mionzi wakajua kiasi. Walipochapisha matokeo ya damu za watu mwaka 1960, kilichoshangaza ni kwamba watu wazima wengi wenye kisukari hawakuwa na upungufu wa insulini hata kidogo. Walikuwa nayo, wengine kwa wingi, na bado sukari yao ilikuwa juu. Yalow alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1977. Berson alikuwa amefariki mwaka 1972, na tuzo hiyo haipewi marehemu. Nimelisimulia hili kwa sababu jambo lililowashangaza wao mwaka 1960 ndilo lililokuwa limeandikwa kwenye karatasi yangu, nami nikalikunja.

Usiku, mtu akiwa amelala na tumbo likiwa tupu, sukari ya damu haitoki kwenye chakula. Inatoka kwenye ini, ambalo linaiachia kidogo kidogo ili ubongo usikose. Insulini ya usiku na ya alfajiri kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisizidishe. Ini likiwa sikivu, insulini kidogo inatosha kulituliza. Ini likiwa gumu kusikia, kongosho hulazimika kutoa zaidi ili kupata utulivu ule ule. Kwa hiyo sukari ya 5.4 inaweza kulindwa na insulini ya 5, na inaweza kulindwa na insulini ya 18, na kipimo cha sukari peke yake hakitakuonyesha tofauti ya watu hao wawili. Hali hii huitwa usugu wa insulini. Neno hilo nalipenda, maana kwetu kila aliyeshika jembe analielewa: mpini ukisugua kiganja kila siku, ngozi hufanya sugu, na mguso uliokuwa ukisikika jana leo hausikiki mpaka ukandamize. Mfano una kasoro yake, kwa sababu sugu ya insulini hailetwi na kusuguliwa tu. Mafuta yanayojikusanya ndani ya ini na misuli yana sehemu kubwa, na urithi una yake.

Sasa kuhusu siku yenyewe ya kutolewa damu, ambayo nilidhani ni jambo la dakika mbili lisilo na cha kueleza.

Nilikuwa nimeambiwa nisile kwa saa 8 hadi 12, maji matupu yakiruhusiwa. Nilikula mara ya mwisho saa mbili usiku, wali na samaki, nikafika maabara saa moja asubuhi, yaani saa 11 kamili. Mwanzoni nilikuwa nimetaka kwenda wakati wa Ramadhani saa tisa alasiri, nikijiambia kwamba nimefunga tangu daku na hesabu ya saa ni ile ile, tena napata kipimo bila kupoteza siku ya kazi. Dada wa maabara alinikatalia kwa upole. Alisema viwango vyao vimetokana na damu za watu waliolala usiku na kupimwa asubuhi. Mtu aliyeamka usiku kula daku, akafundisha vipindi vitano na kutembea juani bila maji, mwili wake uko katika mwendo mwingine, na namba yake haina wa kulinganishwa naye. Nilirudi baada ya Idi. Aliniuliza pia kama nimekunywa chai ya rangi (hata isiyo na sukari hakuitaka), kama nimevuta sigara asubuhi ile, na kama ninameza vidonge vya nywele na kucha. Hilo la mwisho lilinichekesha, lakini lina maana yake: vidonge hivyo mara nyingi vina biotini, aina ya vitamini, kwa kiwango kikubwa, na mashine nyingi za kupima homoni hutumia biotini ndani ya mfumo wao wa kunasa, kwa hiyo ikiwa nyingi kwenye damu inaweza kuishusha insulini kwenye karatasi ilhali mwilini haijashuka.

Akafunga mpira mkononi, akapata mshipa, na akajaza chupa mbili. Moja ilikuwa na kifuniko cha kijivu na nyingine cha njano. Nilimuuliza kwa nini asijaze moja kubwa. Akasema seli za damu zinaendelea kula sukari hata zikiwa ndani ya chupa, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kwa kila saa, na kwenye joto letu huenda haraka zaidi, kwa hiyo chupa ya kijivu ina chumvi ya kuzizuia. Ya njano ni ya insulini, nayo ina adui wake: chembe nyekundu zikipasuka, ama kwa sindano kuvutwa kwa nguvu ama kwa chupa kutikiswa kwenye bodaboda, kimeng'enya kilichomo ndani yake humwagika na kuikatakata insulini, na jibu hutoka dogo kuliko ukweli. Aliiinua ile ya njano kwenye mwanga wa dirisha baada ya kuizungusha kwenye mashine, akanionyesha maji ya juu yaliyokuwa na rangi ya mafuta ya alizeti. "Ingekuwa na wekundu," akasema, "ningekuchoma tena." Sijawahi kumshukuru mtu kwa kunitoa damu, lakini yeye nilimshukuru, kwa sababu siku hiyo nilielewa kuwa namba ninayopewa ni matokeo ya mambo mengi yaliyofanyika sawasawa kabla haijachapwa.

Kuna jambo jingine ambalo halimo mikononi mwa maabara. Kongosho haitoi insulini kama bomba lililoachwa wazi. Huitoa kwa mawimbi, wimbi baada ya dakika kadhaa, na insulini iliyoingia kwenye mzunguko nusu yake hutoweka ndani ya dakika 4 hadi 6. Tena kabla haijafika mkononi imeshapita kwenye ini, ambalo hubakiza kwake karibu nusu. Kwa hiyo damu ya mkononi ni masalio, na masalio hayo hupanda na kushuka kufuatana na wimbi lililokuwepo sindano ilipoingia. Katika utafiti, wataalamu makini huchukua damu mara tatu kwa kupishana dakika 5 na kutafuta wastani. Mimi nilichukuliwa mara moja, kama wagonjwa karibu wote. Mtu akikwambia kuwa insulini yake imepanda kutoka 9 hadi 11 na sasa hapati usingizi, mwambie alale.

Daktari alichukua kalamu, akaandika pembeni ya karatasi yangu: 18.4 × 5.4 ÷ 22.5. Hesabu hii inaitwa HOMA-IR, na ilitolewa mwaka 1985 na David Matthews na wenzake huko Oxford, Uingereza. Unazidisha insulini kwa sukari, zote za asubuhi ile ile, kisha unagawanya kwa 22.5. Nilipouliza hiyo 22.5 imetoka wapi, daktari alicheka akasema wanafunzi wake hawaulizi. Nilikwenda kuitafuta mwenyewe: ni 5 mara 4.5, yaani insulini ya 5 na sukari ya 4.5 ambazo walizichukulia kuwa za mtu wa kawaida kabisa, ili mtu huyo apate jibu la 1. Jibu langu lilikuwa 4.4. Kwa maneno mengine, kulinganisha na mtu huyo wa mfano, ugumu wa kusikia wa mwili wangu ulikuwa zaidi ya mara nne. Kwa wanaopimwa sukari kwa miligramu badala ya milimoli kama sisi, mfano Marekani, kigawanyo ni 405, na asiyeangalia hilo atajitisha bure.

Hapo nikamuuliza lile lililonikera: iweje basi maabara iandike kuwa hadi 24.9 ni kawaida? Alinijibu kwa lugha yangu. Kiwango cha kawaida hupatikana kwa kupima watu wanaoonekana wazima, kuwapanga kwa namba zao, kisha kukata asilimia 2.5 ya chini na asilimia 2.5 ya juu. Waliobaki katikati ndio "kawaida". Kama kati ya hao waliopimwa wapo wengi wenye vitambi na usugu ambao haujajitokeza, nao wamehesabiwa, na mpaka wa juu umesukumwa nao. Ni sawa na kupanga alama ya kufaulu kwa kutazama darasa lililokuwa likitoroka vipindi. Kwa upande wa HOMA nako hakuna mpaka mmoja duniani: wengine hushika 2, wengine 2.5, wengine 3, kwa kuwa kila jamii iliyopimwa ilitoa wake. 4.4 hata hivyo inavuka mipaka yote hiyo, na ndiyo sababu daktari aliichukulia kwa uzito.

Kosa linalofanywa na wengi wakishalielewa hili ni kuamini kwamba insulini ndogo ni nzuri siku zote. Chukua mtu mwenye insulini ya 5 na sukari ya 10. Zidisha, gawanya, unapata 2.2, jibu zuri kuliko langu mara mbili. Lakini sukari ya 10 kabla ya kula ni kisukari, maana mpaka wa Shirika la Afya Duniani ni 7.0, na insulini yake ni ndogo kwa sababu kongosho limechoka au limeharibika, si kwa sababu mwili ni msikivu. Kwa huyo kanuni inadanganya, na kila nikiona kikokotoo cha HOMA kwenye simu za watu bila onyo hilo, najisikia kama mtu anayemwona mwanafunzi akitumia kanuni sahihi kwenye swali lisilo lake. Wapo pia ambao kipimo hiki kinawahusu kwa sababu tofauti kabisa, nao ni wale wanaoanguka kwa sukari kushuka: kwao insulini hupimwa pamoja na peptidi C wakati sukari iko chini, na insulini inayoendelea kuonekana sukari ikiwa chini ya 3.0 humfanya daktari atafute uvimbe kwenye kongosho. Peptidi C hutoka pamoja na insulini ya mwili lakini haimo kwenye ile ya sindano, hivyo hufichua pia aliyejichoma kwa siri.

Miezi minne baadaye nilirudia, na hapo nilifanya kosa langu mwenyewe. Nilikuwa Dar es Salaam kusahihisha mitihani, nikaona maabara karibu na nilipofikia, nikaingia. Sukari ilitoka 5.2. Insulini ikatoka 108. Nilikaa kwenye benchi nje nikiwa na jasho, nikijua moyoni kwamba nimeacha soda, nimetoka vijiko vitatu vya sukari hadi nusu kijiko, natembea kila jioni kutoka shuleni hadi nyumbani, na malipo yake ndiyo haya. Ilikuwa ni baada ya dakika kumi ndipo nikasoma herufi ndogo zilizofuata ile namba: ya kwanza ilikuwa kwa mikroyuniti katika mililita, hii ilikuwa kwa pikomoli katika lita. Nikashusha pumzi na kutafuta namna ya kubadilisha, nikakuta wengine wanagawanya kwa 6 na wengine kwa 6.945, na vigawanyo vyote viwili vinatumika. Kwa 6 napata 18.0, yaani sijabadilika. Kwa 6.945 napata 15.6, yaani nimeshuka kwa asilimia 15. Miezi minne ya kutembea ilikuwa imeningʼinia kwenye uchaguzi wa kigawanyo.

Daktari alipoiona hakuangalia hata hesabu zangu. Alisema mashine za insulini hazijasawazishwa kama zile za sukari, kingamwili za kampuni moja si za nyingine, na damu ile ile ikigawanywa katika maabara mbili inaweza kutoa namba zinazoachana kwa zaidi ya tofauti niliyokuwa nikiigombania. Kama nilitaka kulinganisha, nilipaswa kurudi kwenye dirisha lile lile la Tanga. Kisha akafungua droo, akatoa futi ya fundi cherehani, akanizungusha kiunoni: 96. Mpaka wanaoutumia kwa wanaume wa huku kwetu ni 94. Akapima presha. Akaomba nigeuke, akaitazama shingo kwa muda, akasema, "Weusi unaanza kufifia."

Nilimwuliza kama nirudie insulini, kwa sababu bei yake ni mara kadhaa ya kipimo cha sukari na sikutaka kuonekana mgumu wa mkono katika afya yangu. Alisema kwa hali yangu imeshamwambia alichotaka kujua: kwamba sukari ya 5.4 ilikuwa inalindwa kwa nguvu nyingi. Matibabu hayatabadilika kwa kuwa 15 au 18. Alisema pia kwamba kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kinafaa kwangu, ila kwa wenye sikoseli au upungufu mkubwa wa damu kinaweza kupotosha, basi niwaulize ndugu zangu kabla sijawapeleka wote kwa foleni moja kama nilivyokuwa nimepanga.

Jioni hiyo mama aliniuliza tena kama sasa nachoma. Nilimwambia sichomi. Nikachukua daftari la nyumbani, lile tunaloandikia sukari yake kila asubuhi, nikapiga mstari katikati ya ukurasa na kuandika jina langu upande wa kulia: sukari kabla ya kula, sukari ya miezi mitatu, presha, kiuno. Insulini sikuiandikia safu.